Vibanda vya Mikokoni

Bi Jalila hakuwa mtu wa kuhojiwa huku wageni wamesimama. Aliwaamuru wapelelezi wakae juu ya rundo la boriti, akawaagizia kahawa wasiyoiomba, kisha akaketi kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya ghala lake la miti pale Timbwani, akawatazama kama kwamba wao ndio waliokuja kushtakiwa.

"Shikamoo, Bi Jalila," alisema Inspekta Ruth Kaviha.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu wa bara, hana mdomo?"

Koplo Phineas alijikohoza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, semeni. Nimeshatia udhu, na adhuhuri hainingoji."

Ruth alikuwa amekuja kufunga jalada. Lenox Ngala, mkata miti, mkazi wa Mtopanga, alitoka nyumbani kabla ya mvua za masika akamwambia mkewe anakwenda soko la Kongowea kupakua malori. Hakurudi. Alimpigia mkewe simu, mtandao ukikatikakatika, akasema: niko Dago, siwezi kutoka. Mkewe, Wairimu, ni mzaliwa wa Nairobi, na kwa watu wa Nairobi Dago ni Dagoretti, hakuna asiyejua. Na huko Dagoretti ndiko Lenox alikokuwa na mwanamke wake wa zamani kabla hajaoa. Phineas naye alilelewa Nairobi, akasikia vivyo hivyo. Wapagazi wa Kongowea walisema Lenox hawakumtia machoni, na malori ya bara hurudi matupu kila siku. Asiye na nauli hupanda lori. Hesabu ikajumlika vizuri sana. Mtu mzima aliyemkimbia mkewe hatafutwi kwa minara ya simu. Wenzao wa Nairobi waliulizia huku na kule, wakajibu hayuko, na jalada likalala kabatini likaota vumbi.

Lililoliamsha ni Wairimu mwenyewe. Alikuja kituoni wiki ile, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya meza ya Ruth, akakataa kiti.

"Mimi nataka kitu kimoja tu, Madam. Mimi ni mke, ni mjane, ama ni mwanamke ameachwa? Watu wakiniuliza niwaambie nini?"

Kwa hiyo Ruth alikata shauri kumwona mtu wa mwisho aliyewahi kununua miti ya Lenox, apate neno moja la uhakika, amalize kazi.

"Lenox Ngala alikuwa akikuuzia miti?"

"Akiniuzia, ndiyo. Yule wa mashoto." Bi Jalila aliinua boriti iliyoegemea ukuta, akaigeuza ncha. "Tazama hapa. Mkato wa shoka lake hulala upande usio wa wenzake. Nikusanyieni boriti za wakataji wote wa pwani hii, nifungeni mato kwa leso, za Lenox nitazitoa kwa kidole. Mkataji hodari, maskini ya Mungu. Hana maneno mengi."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya masika. Alipita kuazima turubali langu."

"Turubali la nini? Alikuwa akienda Kongowea kupakua malori."

Bi Jalila alicheka mpaka buibui likamteleza begani. "Kongowea! Mkata miti na turubali aende Kongowea akavifunike viazi visipate mafua? Alikuwa akienda kazini, mwanangu. Mkewe hataki akate mikoko tangu alipokamatwa ile mara, basi humdanganya."

"Mikoko ni marufuku, Bi Jalila."

"Wallahi mimi sikumtuma. Mie nanunua mti ukishafika mlangoni. Ulivyokatwa sijui, aliyekata alilala wapi sijui. Hawalali kwangu. Hupiga dago huko huko mikokoni, wakakaa dagoni mpaka mzigo utimie."

Ruth alikishusha kikombe chake bila kunywa.

"Hukaa wapi?"

"Dagoni."

"Si nilisema, Madam?" Phineas alinong'ona kwa furaha. "Hata yeye anajua ni Dagoretti."

"Dagoreti gani, we mwana?" Bi Jalila alimgeukia. "Dago! Kambi. Wavuvi wakienda mbali na kwao hupiga dago. Wakata miti hupiga dago. Uchaga wa fito juu ya matope, turubali juu, jiko la moto, basi. Bara hamna neno hilo?"

Phineas alitazama viatu vyake. Lakini Ruth hakuwa na bara la kusingizia. Wazee wake walitoka Kaloleni, yeye mwenyewe alikulia Mtopanga, na neno dago alilisikia utotoni kwa wauza samaki. Wairimu alilitamka pamoja na Nairobi, na yeye akasikia Nairobi. Kwenye simu hakuna herufi kubwa. Niko dago, siwezi kutoka. Mtu alikuwa ameeleza alipo kwa Kiswahili fasaha kabisa, na maafisa wote wa kituo kizima wakamtafuta mkoa mwingine. Ruth alijiona mjinga, na ujinga ule ulimwasha kama upupu.

"Nani aliyemvusha?"

"Sijui."

"Bi Jalila."

Mama yule alizitazama boriti zake, kisha akamtazama afisa wa polisi aliyezikalia. "Kai. Mwenye mashua ya mashine, kule Changamwe. Lakini mie sikusema kitu. Naenda kusali."

*

Kai hakuwa nyumbani. Mkewe alisema amekwenda msibani, msiba wa nani hakumbuki. Ruth aliwaacha askari wamsubiri, na asubuhi maji yalipoanza kupwa akaingia mashuani na Phineas. Mwenye kushika usukani alikuwa Odhiambo, askari wa misitu, mtu mkimya aliyeijua mikono yote ya bahari inayoingia nyuma ya Changamwe.

"Huku kuna vibanda vya kila aina, Inspekta," alisema. "Vingine nilivikuta vimeshaoza. Cha nani ni kipi, sijawahi kuuliza."

"Leo tutauliza," Ruth alisema.

Kibanda cha kwanza walikiona pale mikoko inapokutana na ardhi kavu: jukwaa juu ya nguzo nne, ngazi ya vijiti, paa lililobaki mbavu. Phineas alikuwa wa kwanza kupanda.

"Ndio hii, Madam! Uchaga wa miti, uko juu, kama vile yule mama alisema."

"Shuka kabla hujavunjika shingo. Hilo ni dungu."

"Tofauti ni nini?"

"Mwenye dungu analinda shamba. Tazama limeelekea wapi." Upande ulioachwa wazi ulitazama kiwanja kilichoota magugu, matuta ya zamani bado yakionekana. "Mimi mwenyewe nimekaa juu ya dungu siku nzima kwa bibi yangu, nikiwapigia nyani debe. Ukilijenga, mgongo wake unaugeuzia maji, uso wake unauelekeza kwenye mahindi. Halafu moto uko wapi? Anayelinda mchana halali wala hapiki. Mkata miti anafanya yote mawili. Cha kwake atakielekeza majini, kwa sababu anangojea mashua."

Odhiambo aliitikia kwa kichwa, wakaendelea.

Cha pili hakikuwa kibanda hata kidogo. Kilikuwa duara la mawe ya matumbawe, limezama nusu ardhini, na juu yake mtu alikuwa ametandaza mabati. Ndani mlikuwa na godoro, chupa tupu, na kibanio cha nywele cha kike. Phineas aliinua kibanio kwa ncha ya kalamu, uso umemng'aa.

"Mwanamke, Madam. Labda hakwenda Nairobi. Labda mwanamke ndiye alikuja huku."

Ruth alipiga magoti akakwangua ukuta kwa ukucha. Chini ya masizi jiwe lilikuwa jeupe, limeungua mpaka ndani.

"Hili ni tanuu la chokaa. Waliokuwa wakichoma chokaa humu walikufa kabla hatujazaliwa mimi na wewe. Masizi haya ni ya juzi." Alitoka nje akazunguka. Nyuma ya tanuu kulikuwa na kichuguu cha udongo mweusi kilichobomolewa, magunia, na vipande vya matawi vilivyosalia. Aliokota kimoja, kingine, kingine tena. "Panga. Vyote panga, na mkono wa kulia. Huyu ni mchoma makaa, na amelala hapa wiki hii. Mwandikie Odhiambo, ni mtu wake. Si mtu wetu."

Phineas alikirudisha kibanio pale pale alipokitoa, kwa heshima kidogo.

Walipita vingine. Kitanda cha mgema chini ya mnazi mmoja mpweke, vibuyu bado vimening'inia. Kibanda cha wavuvi wa kaa chenye mitego iliyooza. Kila mara Ruth aliuliza yale yale: kimeelekea wapi, moto uko wapi, kilichokatwa kimekatwa na nini. Na kila mara alirudi mashuani akiwa na matumaini kidogo zaidi, jambo lililomshangaza, maana alijua vyema kwamba mtu aliyesema siwezi kutoka kabla ya masika hawezi kukutwa ameketi anakunywa chai.

Kibanda cha mwisho hawangekiona kama Odhiambo asingezima mashine. Turubali la buluu lilikuwa limechanika na kuanguka, likafunikwa na majani. Nyuma yake, ndani kabisa ya mikandaa, palikuwa na uchaga juu ya magogo mafupi, mlango wake ukitazama mkondo. Kando yake zilipangwa boriti kwa unene wake, nyembamba huku, nene kule, kazi ya mtu asiyependa ovyoovyo. Ruth aliipitishia kidole ncha ya boriti ya kwanza. Mkato ulilala upande usio wa wenzake.

"Ni yeye," alisema.

Ndege iliyokuwa ikitua iliwapita juu ya vichwa, chini sana hata wakaona magurudumu. Kwa upande wa pili, juu ya vilele vya mikoko, winchi za bandari zilikuwa zikiinua makontena. Mji mzima ulikuwa pale pale.

Phineas aliita jina la Lenox, mara moja tu, kisha akaona haya.

Ruth aliingia chini ya turubali akaanza kazi yake. Jiko lilikuwa la udongo ndani ya karai kuukuu. Majivu yalijaa mpaka yakamwagika, yakafanya tuta. Mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo ulitegwa chini ya pembe ya turubali, kukinga mvua. Vipande viwili vya mti vilivyochongwa bapa vilikuwa na alama za kamba, urefu wa muundi wa mtu. Alivipima mguuni pake. Kisha akatazama uchaga wenyewe, akatazama tena, akamwita Phineas.

"Unaona nini?"

"Umevunjika, Madam. Nusu haiko."

"Haukuvunjika. Gusa."

Phineas aligusa. Kila ufito ulikuwa umekatwa kwa shoka, kuanzia ukingo wa nje kuja ndani, mmoja baada ya mwingine, na mikato yote ililala upande ule mmoja. Zilizosalia zilitosha mtu mmoja kulala ubavu.

"Alikata kitanda chake mwenyewe?"

"Alikichoma. Kuni za moto ule zimetoka chini ya mgongo wake."

"Lakini kuni ziko pale!" Phineas aliinyoshea kidole safu ya boriti, iliyokuwa ng'ambo ya kijidimbwi cha matope na mizizi. "Tele! Hatua chache tu!"

"Hatua," Ruth alisema. "Ndiyo. Zile alizikata kabla hajaumia."

Phineas aliacha kunyosha kidole.

Ruth aliendelea kwa sauti ya kazini, kwa kuwa ile nyingine hakuiamini. Mtu huyu aliumia mguu, akaufunga mwenyewe. Hakuweza kusimama. Alihitaji moto usiozimika, moshi ambao mashua ingeuona, na alichoweza kukifikia ni kile alichokilalia. Fito zilipokaribia kwisha alianza mihimili yenyewe, hii hapa, imekatwa robo tatu, na uchaga ukainama upande huu. Kisha ikaja bamvua. Tope limeacha mstari juu ya fito alizolalia. Maji makubwa yalimkuta kitandani, na kitanda alikuwa amekishusha kwa mkono wake.

"Labda aliondoka kabla," Phineas alisema. "Labda kuna mtu alimwokoa."

Odhiambo ndiye aliyewaita. Alikuwa ametangulia kuelekea mkondoni, matope magotini. Kati ya mizizi lilisimama gongo lenye panda, refu la kufika kwapani, na panda lake lilizungushiwa kitambaa cha leso ili lisichome. Lilikuwa limezama sana. Aliyeliegemea aliliegemea kwa uzito wake wote. Mbele yake hakukuwa na kitu kingine isipokuwa tope laini na maji yaliyoanza kurudi.

Walitafuta mpaka maji yakawafukuza. Hawakupata mfupa, hawakupata kiatu. Ruth alikifungua kile kitambaa polepole, akakitia mfukoni mwa ushahidi.

*

Kai alipatikana kwa shemeji yake Kilifi, na hakuleta ubishi. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, na alipoonyeshwa picha ya dago alilia kabla hajaulizwa.

"Ulimpeleka wewe?"

"Mimi, afande."

"Akiwa na nani?"

"Peke yake. Mwenziwe aliogopa askari wa misitu. Lenox akasema atakata mwenyewe, nimchukue maji yakiwa makubwa."

"Alikupigia simu?"

"Alinipigia. Akasema ameteleza, shoka limemgonga muundi, ni kidogo tu, lakini nije."

"Kidogo."

"Ndivyo alivyosema. Huyo ni mwenehu, afande, ni ndugu yangu, namjua. Lenox hata akiumwa na nyoka atasema ni kidogo."

"Ukaenda?"

"Nilikwenda siku ya pili yake. Mashua ya askari ilikuwa mdomoni mwa mkono wa bahari. Mimi nina kesi, afande, mashua yangu ingechukuliwa. Nikarudi. Nikampigia, hapatikani. Chaji ilikwisha, nadhani."

"Na siku iliyofuata?" Ruth aliinama mbele. Hapa ndipo alipotaka kufika. Hapa palikuwa na kosa lenye jina na kifungu cha sheria, na mtu wa kulibeba. "Uliendelea kunywa mnazi wako, ukamwacha mwenzako mikokoni?"

"Siku iliyofuata nilikwenda kwake."

"Dagoni?"

"La, Mtopanga. Nilitaka kumwambia mkewe twende sote, wakituona na mwanamke hawatatukamata. Nikapiga hodi. Nikamuuliza, Lenox amesikika? Sikutaka kumtia hofu." Kai alijifuta uso kwa kiganja. "Akaniambia, amepiga simu, yuko Nairobi kwa malaya wake, na wewe toka hapa, nyote ni wamoja. Nikasema, Mungu mkubwa! Kumbe ametoka! Nikadhani ameokotwa na mashua nyingine, mguu ulikuwa kidogo kweli, akaona bora aende zake. Nilifurahi, afande. Nilimnunulia mtu mnazi kwa furaha."

Phineas aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

"Kisha na polisi wakasema hivyo hivyo," Kai aliendelea, hakuna aliyemuuliza. "Mlikuja Changamwe mkiulizia kama kuna aliyemwona akipanda lori la Nairobi. Nikasema basi, serikali nayo inajua."

Ruth alitoka nje, akasimama barazani. Phineas alimfuata.

"Tutamshtaki, Madam?"

"Kwa lipi? Kumvusha mtu kwenda kukata miti? Hakuna mwili. Aliambiwa na mke wa mtu kwamba mtu yuko hai, akaambiwa na sisi. Wakili wa kwanza atatutoa mahakamani tukiwa uchi."

"Mimi ndiye niliyesema Dagoretti."

"Tulisema wote. Mwandikie maelezo yake, umwachie."

"Na mkewe? Tutamwambia hiyo ya Kai?"

Ruth alijua mahakama haitamhukumu yeyote, na hilo lilimkasirisha kuliko lingine lolote, maana hukumu ingekuwa mahali pa kuutua mzigo ule.

*

Wairimu alikuwa akianua nguo walipofika Mtopanga. Aliwatazama nyuso zao, akaziacha nguo kwenye kamba, akawaingiza ndani. Mtoto alikuwa amelala mkekani.

Ruth alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Aliyasema kwa upole, machache: Lenox hakwenda Nairobi. Alikuwa mikokoni, si mbali. Dago ni kambi ya wakata miti. Aliumia mguu, na wanaamini maji yalimchukua. Alimwonyesha kipande cha leso ndani ya mfuko wa plastiki. Jina la Kai hakulitaja.

Wairimu aliushika mfuko. Alilitambua ua la leso yake, na wao wakaona kwamba amelitambua.

"Aliniambia yuko kambini," alisema.

"Ndiyo. Kwa neno la huku. Hata sisi hatukulielewa."

"Akasema hawezi kutoka."

"Pole sana, mama," alisema Phineas.

Uso ulimbadilika Wairimu, na Ruth akajua kwamba anafika mwenyewe pale ambapo yeye hakutaka kumpeleka.

"Kai alikuja hapa."

"Wairimu..."

"Alisimama kwa huo mlango. Akaniuliza kama Lenox amesikika. Nikamwambia yuko Nairobi kwa malaya. Akasema Mungu mkubwa. Akacheka, Madam! Nikafikiria ananicheka." Alimtazama Ruth. "Alikuwa anaenda kumchukua?"

Ruth alikuwa amewadanganya wahalifu maisha yake yote ya kazi, na wengi walimwamini. Sasa alitafuta uongo mmoja tu, mdogo, hakuupata.

"Kai alipaswa kwenda kuhakikisha. Hilo ni lake, wala si lako."

"Alikuwa anaenda kumchukua," alisema Wairimu. "Halafu alipiga tena. Lenox. Sikuwaambia hiyo. Baada ya kuniambia yuko Dago nilimtusi, nikakata. Akapiga tena. Usiku, asubuhi. Nikiona jina lake nakata. Nikasema leo utajua mimi ni nani. Alipiga sana, Madam. Alipiga mpaka nikamfungia namba."

Nje jirani alikuwa akimwita mtu achote maji kabla mfereji haujakauka. Mtoto aligeuka mkekani, akaendelea kulala.

Kisha Wairimu akasimama. Alimrudishia Ruth ule mfuko, akaubandika kiganjani mwake kwa nguvu.

"Hapana," alisema.

"Dada yangu..."

"Mmepata mwili?"

"Hapana."

"Mmepata nini? Mti na kitambaa! Leso kama hizo ziko tele Kongowea, kila mwanamke anayo. Watu wa mashoto ni wengi." Alikuwa akisema haraka, kama mtu anayekimbizwa. "Mimi namjua mume wangu. Ni malaya yule, tangu zamani. Ananidanganya, ameenda Dagoretti kwa huyo mwanamke wake, anapikiwa, ananona. Hana hata haya ya kumuuliza mtoto wake. Andika hivyo, Madam. Andika nimeachwa."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Andika!" Sauti ilimpasuka. "Kuachwa si aibu. Wanawake wangapi wameachwa? Ulizeni hapa Mtopanga, kila nyumba. Niandikie nimeachwa."

Ruth aliinuka amshike bega, lakini Wairimu alirudi nyuma, akaenda kumgeukia Phineas, mtu wa kwao, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Alimkamata mkono wa shati.

"Wewe unaijua Nairobi. Nairobi ni kubwa, si ndiyo?"

"Ni kubwa, mama."

"Hamkutafuta vizuri. Mtafuteni tena. Na mkimpata, hata mkimpata kitandani na huyo mwanamke, msimpige, msimwambie nina hasira. Mwambieni apige simu tu." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Mwambieni Wairimu amesema apige. Nitashika."